Mchawi wetu alikuwa kwenye kinu

Jumamosi iliyopita nilivunjiwa heshima mchana kweupe na mshikaji wangu mmoja, pale stendi ya Nyegezi, Mwanza. Hebu sikia mwenyewe halafu uamue.

Tumekaa tunapiga stori, mimi nasubiri basi la kwenda Biharamulo, yeye kanisindikiza. Akapita kijana anauza muhogo mbichi na karanga. Si unaujua ule mtindo? Muhogo umemenywa, umepasuliwa, chumvi na pilipili pembeni. Mshikaji akanunua, akaanza kutafuna huku akijisifu kwamba hiyo ndiyo dawa ya mwanaume wa ukweli. Akanikatia kipande. Nikakataa.

Basi bwana, akacheka mpaka abiria wakageuka. "Mtu wa Ngara mzima unaogopa muhogo? Si ndiyo mliokulia?"

Nikanyamaza. Kweli ndio niliokulia, na ndiyo sababu hasa ya kuukataa. Sikumwambia. Leo nawaambia ninyi, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Kwetu ni Ngara, upande wa Rulenge. Mama yangu ni wa Biharamulo, kule Nyakahura, kwenye barabara ya malori yaendayo Rusumo. Nikiwa darasa la sita nilipelekwa likizo kwa Bibi mzaa mama. Mwaka ule mvua za vuli zilikataa. Maharage yakaungua shambani, migomba ikanyong'onyea, mihogo mitamu ikaliwa yote. Ikabaki michungu, ile inayopandwa makusudi ili nguruwe-mwitu na wezi wa usiku waikimbie.

Bibi alikuwa fundi wa muhogo mchungu. Alikuwa anaumenya, anaurundika ndani na kuufunika majani. Baada ya siku tatu nne unapata joto, unaota ukungu. Anaukwangua, anauvunjavunja, anauanika juani siku nyingine kadhaa. Huo ndio udaga. Ndipo anatwanga. Ukimuuliza "Bibi, bado?" anakujibu bado. Ukirudia kuuliza anakutuma maji.

Siku moja akaitwa msibani, kijiji cha pili. Akaondoka na onyo moja: mihogo iliyotoka shambani asiiguse mtu, kuna kiporo cha unga kwenye kibuyu, kitatosha. Kibuyu chenyewe kikaisha siku ile ile ya kwanza. Mimi na binamu yangu tulikuwa na njaa, we acha tu. Tukachukua ile mibichi, tukaikata vipande vyembamba, tukaianika juu ya jiwe tangu asubuhi. Jioni tukaitwanga. Kwa kweli aliyetwanga ni mimi, binamu alikuwa anachekecha tu. Tukasonga ugali. Mboga hakukuwa na ya maana, tulichemsha majani tukatia chumvi. Watoto wawili wa jirani tuliozoea kucheza nao wakaja, wakanawa, tukala wote.

Usiku tukaanza kutapika. Kichwa kinagonga, nyumba inazunguka, miguu haina nguvu. Mimi na binamu tulipona. Mtoto mkubwa wa jirani naye akapona. Mdogo, wa miaka minne, akafia njiani wakati baba yake anamkimbiza zahanati kwa baiskeli.

Kesho yake Bibi akarudi. Hakuna aliyeuliza tulikula nini. Walichouliza ni tulikula kwa nani. Tulikula kwa ajuza mjane mwenye macho mekundu. Macho yenyewe ni ya moshi wa kuni, miaka sitini anapulizia moto, lakini nani anajali? Kanda ile unajua mwenyewe habari zake. Wako vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho mekundu tu. Usiku wa pili wanaume wakaja na kurunzi. Mjomba akasimama mlangoni na shoka. Wakatukana, wakarusha mawe juu ya bati, wakasema watarudi.

Mimi nilikuwa chini ya kitanda. Nilijua nani katwanga. Sikusema kitu.

Kilichomwokoa Bibi ni tabibu mmoja mzee wa zahanati. Alfajiri alikuja na mwenyekiti wa kitongoji. Hakuuliza habari ya ndoto wala bundi. Aliuliza muhogo ule ni mchungu au mtamu, umechimbwa lini, umekaa siku ngapi, mboga ilikuwa nini. Akaomba aone unga uliobaki. Kisha akawaambia wale watu kwamba haya yalishatokea Tarime, na madaktari waliyachunguza mpaka wakajua chanzo. Akasema huu si uchawi, ni muhogo uliofanyiwa haraka. Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wananung'unika.

Miaka ikapita, nikamaliza kidato cha nne, nikaingia mjini kuandikaandika. Lile neno Tarime likawa halinitoki kichwani. Nikaanza kusoma. Ndipo nikakutana na mzungu mmoja aliyenikosesha usingizi.

Jina lake Hans Rosling, daktari wa Uswidi, mzaliwa wa Uppsala mwaka 1948. Huenda umewahi kumwona kwenye video, yule mzee wa takwimu mwenye mbwembwe jukwaani. Kabla ya umaarufu huo alikuwa daktari wa kawaida Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia mwaka 1979. Daktari mmoja kwa watu kama 300,000. Fikiria mwenyewe.

Mwaka 1981 ukame ukapiga mkoa wa Nampula. Ghafla wakaanza kuletwa watu waliopooza miguu yote miwili. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa kama imefungwa kamba. Wengi ni watoto na akina mama. Wagonjwa wakapita 1,000. Je, ni polio ya aina mpya? Ni sumu ya vita? Hakuna aliyejua. Rosling na wenzake, akiwemo daktari Julie Cliff, wakaingia vijijini nyumba kwa nyumba. Wakakuta jambo lile lile alilouliza tabibu wetu: muhogo mchungu, njaa, na siku za kukausha zilizopunguzwa.

Kumbe ugonjwa huo ulikuwa na jina zamani. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kongo, ambako Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Rosling akaufanya kuwa kazi ya maisha yake. Udaktari wake wa falsafa aliuchukua Uppsala mwaka 1986 kwa mambo hayo hayo ya muhogo na sumu yake.

Sasa sumu yenyewe inafanyaje kazi? Twende taratibu, hata mimi somo la kemia lilinipiga chenga.

Ndani ya muhogo mchungu kuna kitu kinaitwa linamarini. Chenyewe kimekaa chumba chake, na kimeng'enya cha kukivunja kimekaa chumba kingine. Ukiuponda muhogo, ukiulowesha au ukiuvundika mpaka ulainike, kuta zinabomoka, wale wawili wanakutana, inatoka sianidi. Ndiyo, sumu ile ile ya kwenye sinema za majasusi. Uzuri wake ni kwamba inapaa hewani. Ukiipa siku zake, inaondoka yenyewe. Ukiikatisha, inabaki kwenye unga na kazi inakwenda kumalizikia tumboni mwako.

Mwili nao haukai bure. Una njia ya kuipunguza makali, na ini ndilo fundi mkuu. Unaichukua sianidi unaiunganisha na salfa, inageuka thiosianati, kitu chenye ukali mdogo zaidi, unaikojoa. Lakini salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye protini: dagaa, samaki, nyama, maziwa, maharage. Aliye na mboga ya maana anajitetea. Anayekula ugali wa muhogo na chumvi wiki baada ya wiki, salfa inamwishia. Huyo ndiye anayepatwa na konzo. Na ikiwa sumu ni nyingi kwa mkupuo mmoja, haisubiri wiki. Inamaliza mtu usiku ule ule, hasa mtoto mdogo.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Majani na chumvi. Ndiyo mboga yetu ya siku ile.

Tarime kwenyewe mambo yalitokea mwaka 1985, wakati wa ukame. Daktari William Howlett na wenzake, Rosling akiwemo, wakawachunguza wagonjwa na kuandika mwaka 1990 kwamba ni konzo kweli. Na msidhani ni wazungu peke yao. Mtanzania Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe alifuatilia njia za mama zetu za kuandaa muhogo, hatua kwa hatua, akipima sumu inaondokea wapi. Kule Masasi, Mtwara, mwaka 1988 watu walilewa sumu kwa muhogo usioandaliwa vizuri, Mlingi akalichunguza. Huko Mara yeye na wenzake walipima mkojo wa wanakijiji wakaikuta ile thiosianati imejaa. Mwaka 1995 naye akapata udaktari wa falsafa Uppsala. Sifa nayompa ni moja: hakuwadharau akina mama. Njia ya kina Bibi ilikuwa sahihi tangu zamani. Kilichoiharibu ni njaa iliyowafanya watu wakose subira.

Na wale mnaosema muhogo unaleta kisukari, nanyi mna jibu lenu. Zamani wapo wataalamu wakubwa duniani waliohisi sumu ya muhogo inaharibu kongosho. Andrew Swai na Donald McLarty wa Muhimbili, pamoja na kina Mlingi na Rosling, wakaenda kupima sukari kwenye kijiji cha Mara kilichokula sumu hiyo miaka na miaka. Wakachapisha mwaka 1992: kisukari hakikuzidi pale. McLarty na timu yake walikwishapima zaidi ya watu 6,000 vijijini Tanzania, wakaripoti mwaka 1989 kwamba wenye kisukari hawafiki 1 kati ya 100. Mwaka 2012 ukafanyika upimaji wa kitaifa wa watu wa miaka 25 mpaka 64, wakakutwa kama 9 kati ya 100. Vipimo havikuwa vya aina moja, lakini usiniambie muhogo ndio umetupandisha hivyo. Tazama soda iliyo mkononi mwako kwanza.

Haya, turudi kwa Rosling, maana sijakwambia kilichonikosesha usingizi.

Mwaka ule wa 1981, kabla hajajua kama ugonjwa unaambukiza au la, meya alimuuliza afunge barabara ya kuingia Nacala? Rosling akajibu kwamba lazima kitu kifanyike. Askari wakafunga barabara. Asubuhi akina mama waliokuwa wanakwenda sokoni na watoto wao wakakuta basi halipiti. Wakawaomba wavuvi wawavushe kwa mitumbwi. Bahari ikachafuka, mitumbwi ikazama. Wakafa watu kama 20, akina mama na watoto. Ugonjwa wenyewe kumbe hauambukizi hata kidogo.

Aliyasimulia mwenyewe kwenye kitabu kilichotoka mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kitabu kinaitwa Factfulness, na habari hiyo aliiweka kwenye sura inayohusu haraka. Angeweza kuacha. Nani angejua? Alikuwa na sifa dunia nzima, kaburi lingefunika. Akaandika.

Kuna kisa kingine humo humo. Mwaka 1989 alikuwa kijiji cha Makanga, Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, kachukua mashine zake za kupimia damu. Wanakijiji wakamzingira na mapanga, wanasema anaiba damu yao akauze. Akatoka mwanamke wa makamo, peku, akasimama mbele ya lile kundi. Akawakumbusha jinsi surua ilivyokuwa inawaulia watoto mpaka ikaja chanjo, na chanjo haikudondoka mbinguni, walichunguza watu kama huyu. Akamnyooshea daktari mkono atolewe damu yeye. Mapanga yakashuka, watu wakapanga mstari.

Nilipoisoma hiyo nikamkumbuka Bibi. Yule mama asingesimama, pengine uchunguzi wa konzo ungekufa pale na mtu wake. Na bila uchunguzi wa watu kama wale, tabibu wetu angekuwa na neno gani la kuwaambia wanaume wa Nyakahura?

Lakini kuna kitu sijakumalizia. Alfajiri ile, tabibu alipomaliza maswali yake, aliuliza la mwisho: "Nani alitwanga?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi, nimeshika kanga yake. Midomo ikanikauka. Bibi hakugeuka kunitazama. Akasema, "Mimi, baba. Njaa ilinizidi."

Alikuwa msibani siku ile na watu wote walijua! Mjomba alikohoa. Mwenyekiti akatazama chini. Tabibu akamwangalia Bibi, akaniangalia mimi, akafunga daftari lake. Jambo likaishia hapo. Toka siku hiyo Bibi si mchawi tena, lakini ni yule ajuza mzembe aliyeua mtoto wa mwenzake. Mama wa marehemu hakumsalimia tena kisimani. Mwaka uliofuata Mama akamhamishia kwetu Rulenge. Yuko hai mpaka leo, haoni vizuri. Mihogo yake anaihesabia siku kwa vidole, na hakuna mjukuu anayeruhusiwa kuigusa. Mimi hajawahi kuniuliza kitu. Ningefurahi angenitukana.

Kwa hiyo mshikaji wangu, usinicheke. Huo muhogo wako wa stendi ni mtamu, haujanishtua sana, ila ukiuma ukasikia uchungu, tema. Hujafa hujaumbika. Na ninyi mnaonunua unga wa muhogo sokoni msioujua umetoka wapi, sikilizeni. Kasese, Uganda, mwezi Septemba mwaka 2017, walipatikana wagonjwa 98, wawili wakafa, kwa unga wa muhogo tu. Tena yalianzia kwa watu waliokula msibani. Profesa Howard Bradbury wa Australia alibuni njia rahisi ambayo imefundishwa hata kwetu Mtwara. Unga uloweshe kwa maji mpaka uwe rojo zito, utandaze kwenye mkeka au sinia, unene usiozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi inapaa. Halafu usonge siku ile ile, usilaze. Na mboga isikosekane, hata dagaa wa mia mbili.

Saa mbili tu, jamani. Sisi siku ile tulikuwa na jua la kutosha na mkeka tulikuwa nao. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia, na masikio ya kumsikia yule aliyetuambia.

Sasa mtaniuliza, nilikuwa nakwenda Biharamulo kufanya nini? Nilikuwa nakwenda Nyakahura. Yule mama bado yupo, nimeulizia. Nilikuwa nimejipanga: nifike, nikae chini, nimwambie aliyetwanga ni mimi. Nilikuwa na kanga doti moja kwenye begi, kama vile kanga inalipa kitu.

Mshikaji alipocheka na abiria wakageuka, kondakta akaita Biharamulo mara ya mwisho. Nikabaki nimekaa. Basi likaondoka na siti yangu. Nikamdanganya mshikaji kwamba tumbo linauma, nikapanda daladala nikarudi ghetto.

Mzee mzima Rosling alichukua miaka mingi mpaka kuyaweka kwenye karatasi, na waliozama hakuwarudia. Mimi ninayemdai neno bado anachota maji kisima kile kile. Tiketi ya Jumamosi hii nimeshakata, na safari hii sisindikizwi na mtu.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Nikikosekana ukurasa huu, jueni niko Nyakahura, sijamaliza maongezi.